Siku Nilipomshitaki Kaka kwa Mungu

Nilimwombea kaka yangu kwa sauti kubwa, naye yumo humo humo kanisani, mabenchi matatu nyuma yangu. Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili mtu asije akaanza kunihurumia kabla hajajua nilichokifanya.

Kanisa letu la Ukunda lilikuwa la mabati, kuta kwa paa. Jumatano alasiri tulikuwa na maombi. Desturi yetu ilikuwa hivi: mzee anayeongoza akishataja jambo la kuombewa, kila mmoja huliombea kwa kinywa chake, wote kwa pamoja, kwa sauti. Mpita njia asiyetuzoea angedhani tunagombania kiwanja. Raha ya maombi ya namna hiyo ni kwamba hakuna anayekusikia. Wewe wamweleza Mungu mambo ya nyumbani mwako, wa ubavuni mwako naye anaeleza ya kwake, sauti zinafunikana, siri inabaki siri. Mzee akigonga kengele yake ndogo ya mezani, sote tunanyamaza.

Siku ile sikuisikia kengele. Nilikuwa nimefumba macho kwa nguvu, nimelikamata benchi la mbele kwa mikono miwili, jasho lanitoka. Kanisa zima likanyamaza, mimi nikaendelea:

"Na umwondolee hofu, Bwana! Maana ni askari wa hoteli, analinda wazungu mia mbili, lakini nyumbani saa kumi na mbili haijagonga anasukuma kabati la vyombo mlangoni! Kabati, Bwana! Nami ananikataza hata kukohoa!"

"Amina," akasema mtu mmoja, nadhani kwa adabu tu.

Kisha kicheko kikatoka kule nyuma. Walikuwa vijana wawili, askari wenzake wa hoteli ile ile ya Diani. Nilipofumbua macho nilimwona mzee amekishika kile kikengele kama mtu aliyeshika yai lililooza. Sikugeuka kumtazama kaka. Nilisikia tu benchi likilia, halafu mlango.

Sasa nieleze tulifikaje hapo. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, miezi ile ya vurugu zilizoanzia upande wa Likoni, watu wa bara walipoambiwa waondoke pwani. Sisi tulikuwa watu wa bara, kwa hesabu za wanaohesabu mambo hayo. Baba alikuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari Ramisi mimi nikiwa mgongoni mwa mama, kiwanda kikafa, baadaye naye baba akafa, mama akarudi bara. Tulibaki mimi na kaka kwenye nyumba ya vyumba viwili Ukunda. Kaka alivaa sare na kushika rungu getini. Mimi nilishona nguo barazani: sare za shule, aproni za wapishi, na magauni ya watu wasiojua wanachotaka. Kidato cha nne nilimaliza, ila sikuwa na hamu ya kwenda popote. Mwendo wangu mrefu kwa wiki ulikuwa wa kanisani, na ikinyesha mvua hata huo nilikuwa naukatia rufani. Kule bara naitwa mtu wa pwani, kwa kuwa lugha ya mama naiongea kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Huku pwani, mwaka ule, nikajulishwa kwamba mimi ni mtu wa bara.

Kaka alitaka tuondoke sote wawili, nami nilikataa. Mchana wa Jumatano ile ile, siku yake ya mapumziko, tulikuwa tumegombana hata ugali ukapoa.

"Mwenye imani hakimbii," nilimwambia.

"Wewe huna imani, dada. Wewe una uvivu," alisema. "Ungekuwa mvivu wa kukaa huku, tungekuwa tumeshafika bara."

"Unaogopa watu waliotulea? Huyo mama wa ua wa pili naye ni adui?"

"Humjui mtu. Hata huyo wa ua wa pili humjui."

Neno hilo liliniudhi, maana mama wa ua wa pili, Mdigo mwenyeji wa pwani, mjane, ndiye aliyenifundisha kupika samaki wa kupaka nikiwa bado sijui kuwasha mkaa. Nikaenda kanisani nimefura. Nikisema ukweli, ile haikuwa sala. Nilikwenda kumshitaki, na Hakimu nilimtafuta aliye mkubwa kuliko wote ili kaka asipate pa kukata rufani.

Alhamisi kaka alikwenda kazini akarudi kimya. Ijumaa vilevile. Jumamosi mwanamke aliyeleta aproni za hotelini aliniuliza, bila ubaya wowote, "Kabati yupo?" Nikamwuliza kabati gani. Akacheka: "Kakako! Getini wote wamwita hivyo sasa. Hata mpishi mkuu."

Jumapili asubuhi kaka alitia nguo zake kwenye begi, akaweka ufunguo wake juu ya cherehani yangu, akasema, "Baki na imani yako." Akaenda kupanda basi. Sikumsindikiza. Nilijifanya natafuta sindano.

Juma la kwanza nilijisifu. Kila aliyeniuliza mbona sikuondoka nilimwambia nimesimama katika Bwana. Lilikuwa jibu zuri, nalo lilinipa sura nzuri. Sikusema kwamba safari ya basi hunitapisha, wala kwamba nilimwogopa mama na maswali yake kuliko nilivyomwogopa mtu mwenye panga. Nilimwandikia kaka barua ya kurasa nne. Humo nilimpangia aya zote nilizozijua zinazomwambia mtu asiogope, kutoka mwanzo wa Maandiko hadi mwisho, na kila aya nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. "Nisamehe" halikuwamo.

Jibu lilitoka kwa mama. Mama haandiki sana. "Kaka yako ameisoma barua yako yote. Kisha ameikunja akaitia chini ya mguu wa ile meza inayoyumba. Sasa meza haiyumbi. Asante kwa barua. Huku mvua imekawia."

Nilicheka niliposoma. Halafu nikagundua kwamba hakuna wa kumsomea nicheke naye.

Hapo ndipo upweke ulipoanza kujionyesha, na ulikuja kwa vitu vidogo vidogo. Nilipika ugali wa watu wawili kila siku kwa sababu mkono wangu haukujua kipimo kingine. Nilikuwa nimezoea kusikia buti zake zikigongwa kizingitini kutoa mchanga, na saa kumi na moja ikifika sikio langu lilikwenda mlangoni lenyewe, likarudi mikono mitupu. Nyumba tatu za safu yetu zilikuwa zimefungwa kwa kufuli, wenyewe wamekimbilia makwao. Wateja walipungua, kwa kuwa wageni wa Diani nao walikimbia na mahoteli yakawapumzisha watu. Cherehani yangu ilikaa kimya siku nzima. Mimi niliyekuwa napenda kukaa ndani nikaona kwamba nilichokuwa nakipenda ni kukaa ndani huku mtu mwingine anatoka na kurudi.

Jioni moja ya juma la pili mwanamke wa dukani alipita mbio akisema ameambiwa kuna watu wameonekana wanakuja. Watu gani, kutoka wapi, hakusema, naye nadhani hakujua. Nilisimama katikati ya chumba. Nilitazama mlango. Nikatazama kabati.

Lilikuwa kabati la mninga, la baba, zito kama deni la dhambi. Kaka alikuwa akilisukuma kwa bega moja. Mimi nililisukuma kwa mabega yote mawili, kwa mgongo, kwa makalio, nikitaja jina la Yesu kila likisogea kidole kimoja. Lilipofika nusu ya mlango mguu wake ukazama kwenye ufa wa sakafu, likakwama. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri bado. Ukabaki hivyo hivyo, wazi kiasi cha kupitisha paka au mkono wa mtu mbaya, na mimi siwezi kutoka wala kuufunga.

Nilikaa chini, mgongo kwenye kabati. Ndipo nilipoona kwamba pale mbao ilikuwa imeng'aa, kwa kimo cha mabega ya mtu aliyeketi. Kaka alikuwa akikaa pale. Mimi nilikuwa naingia chumbani kwangu, naweka mto juu ya kichwa, nalala usingizi wa mwenye imani, na asubuhi nikitoka kabati limesharudishwa mahali pake na yeye amekwenda zamu. Sikuwahi kujiuliza alilala wapi.

Nilitaka kuomba. Zile aya zote za kalamu nyekundu ziligoma kuja. Nikasema, "Bwana, naogopa." Nikangoja, hakuna neno lililoongezeka. Nikasema tena, "Naogopa, na nimemkosea kaka yangu." Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba, na ndiyo ya kwanza kwa miezi mingi ambayo sikuwa namsema mtu mwingine ndani yake. Hofu haikuondoka. Lakini sikuwa tena peke yangu nayo, na kwa hilo nililala palepale sakafuni.

Hakuna aliyekuja usiku ule. Asubuhi mama wa ua wa pili alinikuta dirishani nikimtazama kama mfungwa.

"Hodi. Mbona mlango hivyo?"

"Shikamoo mama. Kabati limekwama."

"Marahaba. Kabati latafuta nini mlangoni?"

Alitia bega lake kwenye ule upenyo, akasukuma kwa nje nami nikavuta kwa ndani, mguu ukachomoka. Akaingia, akatazama kabati, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaketi kwenye kiti changu cha cherehani, akaniuliza: "Weye kakako ulimfanya nini hata akaondoka?"

Nikamweleza yote, kengele na Bwana na wazungu mia mbili. Safari hii hakucheka.

"Kila asubuhi akienda kazini," alisema, "akisimama pale uani kwangu. Mie nashona makuti yangu. Aniambia, shikamoo mama, mwenzangu kabaki peke yake. Namwambia, nenda, mie nipo. Kila siku ya Mungu. Siku nilipokwenda Msambweni kwa mwanangu nilimwambia jana yake, na siku hiyo hakwenda kazini. Akajitia anaumwa tumbo."

Ile siku ya tumbo niliikumbuka vizuri. Nilimpikia uji na kumtania kwamba askari mzima ameshindwa na maharage. Na ile shikamoo ya asubuhi niliisikia kila siku kutoka kitandani. Nilidhani ni adabu tu.

"Lakini mimi aliniambia nisimwamini mtu," nikasema. "Hata wewe."

"Aliogopa. Mwenye kuogopa husema lolote. Lakini alikuja kwangu, hakwenda kwa mwingine."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Weye wanyamaza saa ngapi?"

Jumatano iliyofuata nilikwenda kanisani mapema nikamkuta mzee akipanga mabenchi, ambayo sasa yalikuwa mengi kuliko watu. Nilimwomba tumwombee kaka arudi. Alifuta benchi moja lote kwa kitambaa ndipo akaniambia:

"Dada, ulimsema mbele ya watu thelathini. Umemwomba radhi mbele ya wangapi?"

"Bado, mzee."

"Basi sadaka yako iache hapo hapo kwanza, ukapatane na ndugu yako. Hilo si neno langu, na wewe wajua limeandikwa wapi."

Nililijua. Nilikuwa nimesahau kulipigia mstari.

Siku hiyo, kabla ya maombi, nilisimama mbele. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilisema kwamba kaka yangu hakuwa mwoga, kwamba alikaa macho ili mimi nilale, na kwamba mwongo wa Jumatano ile alikuwa mimi, ingawa kila nililolisema lilikuwa kweli. Nilitaka kusema maneno mengine mazuri niliyokuwa nimeyapanga, ila niliyaacha, nikaketi. Mmoja wa wale askari wawili alikuwapo, yule aliyemtungia kaka lile jina. Alinifuata nje baada ya maombi, kofia mkononi, akasema akitazama viatu vyake, "Hata mimi nasukuma. Mimi nasukuma kitanda, na mke wangu juu yake." Kisha akaondoka haraka kabla sijacheka.

Nilimwandikia mama barua ya mistari mitatu: amlete kaka kwenye duka lenye simu pale sokoni kwao, Jumamosi saa kumi, mimi nitapiga. Kwa mtu wa aina yangu kutoka hadi kwenye kibanda cha simu, kusimama kwenye foleni juani, na kuzungumza mbele za watu, huo ulikuwa umisionari. Nilikwenda saa nane. Foleni ilikuwa ndefu, ya watu wa bara watupu, kila mmoja akiwapigia jamaa zake kuwaambia yu hai. Zamu yangu ilipofika mwenye duka kule alipokea, akaita, kisha nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Dada yako. Kwani unao wangapi?"

Waya ulikuwa ukinguruma kama mashine ya kusaga.

"Kaka, nisamehe."

"Nini?"

"Nisamehe!"

"Sema kwa nguvu, hapa kuna redio!"

"NISAMEHE!" nikapiga ukelele. "NILIKUSEMA VIBAYA KANISANI! SIKUJUA KAMA ULIKUWA HULALI!"

Foleni yote ikanyamaza. Basi mara ya pili mwaka ule nikawa ndiyo sauti pekee. Mwanamume mmoja nyuma yangu akapaza sauti akitegemea ifike bara: "Msamehe, bwana! Na sisi tuna watu wa kuwapigia!"

Kaka alicheka. Niliposikia kicheko kile nilishika ukuta wa kibanda.

"Nilikusamehe zamani," alisema.

"Lini?"

"Kwenye basi. Hatujafika hata Voi."

"Na barua yangu ukaitia chini ya meza!"

"Barua ilikuwa mbaya. Wewe nilikuwa nimeshakusamehe."

Nikamweleza kwamba mama wa ua wa pili ameniambia kila kitu. Akasema, "Msalimie. Mwambie shikamoo yangu." Nikamwambia nilivyosimama mbele ya kanisa, na habari ya askari wa kitanda. Akacheka tena, kidogo. Nikaona huu ndio wakati.

"Basi utarudi lini? Mambo yameanza kutulia. Hoteli watakuchukua."

"Sirudi, dada."

"Kwa sababu ya lile jina?"

"Jina si kitu. Huku nalala. Nalala tangu jua kuzama hadi jogoo anachoka kuwika. Nikifikiria kurudi huko, usiku huo sipati usingizi." Waya ukanguruma. "Nimeomba juu ya jambo hili. Sijaambiwa nirudi. Njoo wewe."

"Huko mimi sijui kukaa. Hata kuwasalimia watu sijui vizuri."

"Najua."

Zamani ningempa aya. Nilisema tu, "Nitakuombea." Akasema, "Niombee. Ila kwa sauti ya chini." Simu ikaanza kulia ile sauti ya kwamba muda unakwisha, nami sarafu zimekwisha. Kaka akauliza harakaharaka, "Umekula?" Ikakatika kabla sijamjibu.

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa nimepata nililolitaka kwa Mungu, msamaha wa kaka, tena kwa kicheko juu yake, na nilimshukuru njia nzima kwa moyo wangu wote. Nilipofika nyumbani niliketi barazani nikashindwa hata kufungua mlango. Machozi yalianza, nami si mtu wa kulia nje.

Mama wa ua wa pili alikuwa kwake, miguu kaikunjua kwenye mkeka, anashona makuti ambayo hakuna hoteli iliyokuwa ikiyanunua wakati huo. Aliyarundika tu. Aliniona kupitia upenyo wa ua, akauliza bila kuacha kazi.

"Wampata?"

"Nimempata, mama. Akusalimu, asema shikamoo."

"Marahaba. Kakusamehe?"

"Amenisamehe. Tangu siku ile ile, kwenye basi. Lakini harudi."

Akalaza ukuti mmoja juu ya mwenzake, akaukaza uzi kwa meno. Nikaendelea kulia, nikijipangusa kwa kipande cha kitambaa cha sare ya mtoto wa watu. Alimaliza kwanza kushonea makuti ule ufito aliokuwa nao. Kisha akasema:

"Kakako kakusamehe, yu salama, na usingizi apata. Basi hapo humlilii yeye, mwanangu. Wajililia weye, kwa kuwa leo tena utakula peke yako."